Nilivyoacha kukariri sativus, sativa, sativum

Ukifanya kazi kwenye kitalu cha miche, majina ya kisayansi huyakwepi. Mimi ndiye niliyekuwa naandika vibao, na neno lililonitoa jasho lilikuwa moja, ila kila tuta lina sura yake: tango Cucumis sativus, mpunga Oryza sativa, kitunguu saumu Allium sativum. Wenzangu walikariri tu. Mimi kitu nisichokielewa hakikai kichwani, nikaanza kuchimba.

Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini serere, kupanda mbegu. Hapo likapatikana satus, iliyopandwa, kisha sativus, yaani ya kulimwa shambani. Inayojiotea porini ni silvestris, kutoka silva, msitu. Ukoo wa serere ndio uliozaa pia semen, mbegu, na seminarium, ambayo kwa Warumi ilikuwa kitalu cha miche. Ndiyo hiyohiyo seminari ya mapadri. Nilicheka peke yangu. Kumbe kila asubuhi naingia seminari.

Sasa miisho. Kilatini kina jinsia tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo huku wala kule. Kivumishi huifuata nomino kama tunavyosema mti mrefu, kiti kirefu, ila wao hugeuza mkia pale sisi tunapogeuza kichwa. Habasoda ni Nigella, ya kike, basi sativa. Giligilani ni Coriandrum, basi sativum. Rahisi, mpaka nilipofika kwenye mforosadi: Morus alba. Mbona si albus? Kwa sababu Warumi waliihesabu miti mingi kuwa ya kike, hata jina likiishia na -us. Ndivyo alivyo kinyonga wetu: ana ki- yake mbele, lakini nani anasema kinyonga kikubwa?

Tangu hapo, kila jina la jenasi, yaani lile neno la kwanza, naliandika daftarini pamoja na kivumishi kimoja cha kulishuhudia. Nikishajua Morus alba, Morus nigra inakuja yenyewe. Wa kuangalia ni kina silvestris: kiume na kike wanatumia umbo moja, ile ya tatu inakuwa silvestre.

Siku hizi hata maandishi ya dawa za mitishamba hayanitishi. Bulbus Allii Sativi? Ni tunguu la kitunguu saumu, Allii na Sativi, nomino na kivumishi chake, vyote vikiwa katika hali ya umilikishi, ile inayobeba maana ya "-a" ya kumiliki.