Mzazi, tarehe ya viza siyo siku zako za kukaa

Wazazi wengi hapa Kisumu wanaitwa Marekani na watoto wao waende waangalie wajukuu, na kinachoniuma ni vile mtu anapanga safari akiangalia tu ile stika ya viza kwa pasipoti. Ati imeandikwa miaka 5, basi dani (nyanya) atakaa mpaka mtoto aanze shule. Hapana jamani! Hiyo stika inakufikisha tu mbele ya afisa wa uhamiaji, yeye ndiye anakupatia siku za kukaa, mara nyingi miezi 6, na tarehe ya kutoka inaingia kwa rekodi inaitwa I-94 ambayo mtoto wako anaweza kukufungulia kwa simu siku hiyo hiyo umefika, na tafadhali mwambie aifungue.

Ukipitisha hiyo tarehe hata kwa siku moja viza yako imekufa, miaka iliyobaki kwa stika haikusaidii. Ukipitisha zaidi ya siku 180 halafu utoke, hutaruhusiwa kurudi kwa miaka 3, na ikifika mwaka mzima ni miaka 10, sasa fikiria mtu wa miaka 68 akiambiwa hivyo. Kama kuna sababu ya kuongeza siku, fomu ni I-539 na inapelekwa kabla tarehe haijafika.

Ulaya ya Schengen, zile nchi zinatumia viza moja, nayo hesabu yake ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Ukimaliza zako 90 kwa mtoto Berlin, kuja nyumbani wiki moja halafu urudi haifanyi hesabu ianze upya.

Kuna mwalimu mstaafu tunasali naye, yeye alitaka kujua viza ya wastaafu ya Marekani inaombwa wapi. Haiko. Nchi zingine ndio ziko nayo: Ureno wako na viza ya D7 ya watu wenye pensheni, Thailand wanachukua wa miaka 50 kwenda juu lakini wanataka uonyeshe pesa, kwa mfano baht 800,000 (pesa yao) benki, Uingereza nao walifunga yao 2008. Marekani, kama unataka kuhamia, ni mtoto akupelekee ombi serikalini, na lazima awe raia wa huko na awe amefika miaka 21, mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi huko bila kuwa raia, hawezi kumpelekea mzazi ombi hilo. Kwa hivyo kabla hujauza ng'ombe ama kukodisha nyumba, mpigie umuulize, we ni raia ama bado uko na grini kadi?