Pesa ya programu yangu niliikuta kwenye benchi la agroveti

Kila nikisema natengeneza programu za simu, swali ni lile lile: "Kwani Google wanakulipa ngapi?" Kwa miaka miwili nilikuwa nalikwepa. Siku hizi najibu kifua mbele kwamba hawanilipi hata senti. Wanaonilipa ni wenye agroveti, yaani maduka ya dawa na chakula cha mifugo, hapa Nakuru, na wengi hutuma kwa M-Pesa kabla ya tarehe tano.

Programu yenyewe ni ya wafuga kuku. Unaandika siku uliyopokea vifaranga, nayo inakukumbusha chanjo za magonjwa ya kuku: Newcastle wiki ya kwanza, Gumboro ya pili, Newcastle tena ya tatu, na ndui wakikaribia wiki ya sita hadi ya nane. Daktari wa mifugo wa eneo lenu akikupa ratiba tofauti, unabadilisha tarehe. Inahesabu pia trei za mayai na magunia ya chakula. Nilimtengenezea mama yangu, kule Bahati, mwaka ambao alipoteza karibu kuku wote ndani ya wiki moja. Tarehe za chanjo alikuwa ameziandika nyuma ya kalenda, na kalenda ilikuwa imeondolewa ukutani mwaka ulipoisha.

Kuiweka Google Play, duka la programu la Google, sitakaa sana. Akaunti ni dola 25, unalipa mara moja tu. Ila mwenye akaunti ya kibinafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima kwanza programu yake ijaribiwe na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Sasa wanataka watu 12. Mimi nilikutwa na sharti la 20, nikawatafuta kwenye chama cha mama na kwa majirani. Ongeza watu wanne au watano wa akiba, kwa sababu kuna atakayebadilisha simu katikati ya safari na kuna atakayejiondoa bila kukuambia.

Sasa nije kwa ushauri ulioniudhi mpaka leo. Nililipa kama elfu tatu hivi kwa mafunzo ya mtandaoni, na neno la mwalimu lilikuwa moja: weka matangazo, ulale, pesa itajileta. Hakutuambia kwamba anayetangaza hulipa zaidi kumfikia mtu wa Marekani au Uingereza kuliko kumfikia mfugaji wa Subukia. Wala hakutuuliza watumiaji wetu wanaishije na simu zao. Wangu huzima data. Mama hununua bando la siku, akishamaliza WhatsApp anazima. Nami nilikuwa nimeitengeneza programu ifanye kazi bila intaneti, nikijivunia hilo kweli kweli, kwa sababu bandani kwa mama mtandao hushika ukisimama karibu na tangi la maji tu. Bila intaneti tangazo haliji. Mwezi wa kwanza nilikuwa na watu kama mia saba, na mapato hayakufika dola mbili. Malipo yenyewe yangetoka nikifikisha dola 100.

Hapo binamu yangu akaamua kunisaidia. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Mkifungua programu ya dada yetu, bonyezeni tangazo kila mara, ndivyo analipwa." Nilisoma ujumbe huo na sikumkataza. Wiki hiyo nilikuwa naamka kabla ya adhana kuangalia hesabu. Dola nne. Kumi na tisa. Jumatano ilikuwa sitini na moja, nikapita dukani Kenyatta Avenue kuuliza bei ya laptopu. Alhamisi jioni barua pepe ikaja: mibonyezo si halali, akaunti imefungwa, pesa zitarudishiwa waliotangaza. Nilikasirika siku mbili nzima. Ya tatu nikafungua masharti niliyokuwa nimeyakubali bila kusoma, na hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi. Kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo wewe unayeanza, usimruhusu hata mama mzazi abonyeze tangazo lako kwa kukusaidia, na unapoijaribu programu kwenye simu yako tumia matangazo ya majaribio.

Nikajaribu kuuza. Bure ungepata kumbukumbu za kundi moja la kuku, ukitaka zaidi ulipe shilingi 200. Vitu vya kidijitali vinavyouzwa ndani ya programu hupitia malipo ya Google Play, nao wanabaki na asilimia 15 kwa dola milioni moja ya kwanza ya mwaka ukijiandikisha kwa mpango wao wa makato hayo. Kwa hiyo pia hesabu ya bei uifanye na makato. Walilipa watu kumi na wanne kwa miezi mitatu. Nilikwenda kumlalamikia mama, naye alikuwa anapanga mayai. Alinijibu bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, mia mbili ni karibu nusu trei. Nikulipe unikumbushe, halafu nikishakumbuka hiyo chanjo nitaipata wapi?"

Nilidhani anasema duka liko mbali. Kumbe sivyo, na nisingejua kama nisingekwenda kukaa.

Nilimwomba mama mmoja mwenye agroveti kule Bahati aniruhusu nikae kwenye benchi lake siku nzima, na daftari. Alikubali kwa sharti nisizibe mlango. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni nilihesabu watu tisa walioulizia chanjo ya kuku. Watano waliondoka mikono mitupu, na si kwa kukosa pesa. Chanjo ilikuwepo kwenye friji, lakini chupa ilikuwa ya dozi 100. Mzee mmoja alikuwa na kuku thelathini na mbili. Aliigeuza ile chupa mkononi, ndogo kama kidole gumba, akauliza hizo nyingine atazipeleka wapi. Chanjo ikishachanganywa inatakiwa iishe ndani ya saa mbili hivi, huwezi kuiweka mpaka mwezi ujao. Akairudisha kaunta na kwenda zake. Mwenye duka akaniambia, "Huyo harudi. Na wakifa, hata chakula hanunui kwangu tena."

Maneno hayo niliyaandika na kuyapigia mstari. Mfugaji anapoteza kuku na mwenye duka anapoteza mteja wa chakula, na chakula ndicho duka linachouza kila wiki. Aliyekuwa na sababu ya kunilipa alikuwa amekaa nyuma ya kaunta.

Nilirudi nyumbani nikaigeuza programu. Mfugaji anatumia programu bure, na ile mia mbili niliiondoa. Duka linapata orodha ya wateja wake waliokubali, pamoja na wiki ambayo vifaranga wa kila mmoja wanafikia chanjo. Programu inatafuta watu watatu au wanne ambao kuku wao wana umri sawa na wanakaribia kumaliza chupa moja, halafu inawatumia SMS: "Jumamosi saa moja asubuhi tunafungua chupa ya Newcastle. Wewe una kuku 32. Jibu NDIYO." Nilitumia SMS kwa makusudi, kwa sababu inafika hata data ikiwa imezimwa, na gharama yake nikinunua kwa jumla ni kama shilingi moja au pungufu. Mchanjaji wa duka anabeba chanjo kwenye kasha la barafu, anaanza kwa vifaranga wadogo, na anaosha buti kabla ya kuingia kila boma. Hilo la buti mimi ndiye niliyelisisitiza, maana ugonjwa husafiri kwa miguu ya watu.

Jumamosi ya kwanza walijibu NDIYO watu wanne, jumla kuku 94. Yule mzee wa thelathini na mbili alikuwa mmoja wao. Nilifuatana na mchanjaji mpaka kwake, nikamwona ameshika kuku mmoja mmoja kwa mikono miwili huku tone linadondoshwa jichoni, anahesabu kwa sauti.

Mwenye duka hakungoja nitaje bei. Aliuliza, "Nikupe ngapi kwa mwezi?" Nikasema mia tano, moyo ukinidunda, akatuma hapo hapo. Baadaye nilijua nilijipunja. Sasa ni elfu moja na mia tano kwa duka, SMS ndani yake, na nina maduka kumi na moja, kuanzia Lanet mpaka Njoro. Wanalipa kwa namba yangu ya Lipa na M-Pesa, na risiti nawapa. Ndani ya programu hakuna kitufe cha malipo hata kimoja: wanachonunua ni SMS na kazi ya kupanga chanjo, si kitu kinachofunguliwa kwenye simu.

Jambo moja msilirukie. Namba za wafugaji si mali ya duka wala yangu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hiyo mfugaji anaulizwa kwanza kama anakubali kutumiwa ujumbe, na akijibu ACHA anaondolewa siku hiyo hiyo. Duka moja lilitaka niwauzie orodha ya wateja wa maduka mengine kwa pesa nzuri. Nilikataa, tukaachana.

Wiki iliyopita agroveti moja ya Rongai imelipa miezi mitatu mapema, inataka nitengeneze ukumbusho wa dawa ya minyoo ya mbuzi. Mbuzi siwajui kama ninavyojua kuku. Jumatatu naenda kukaa kwenye benchi lao na daftari, na nimeshawaambia sitaziba mlango.