Dell yangu ya ofisi sasa inacheza gemu, na pawa saplai ni ile ile

Kila anayetaka kuongeza nguvu ya gemu utamsikia anauliza "ninunue kadi gani ya grafiksi?" Mie nakwambieni anzeni na pawa saplai, kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme, ukishajua inatoa nini basi kadi za kuchagua zinabaki mbili tatu tu.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020, ule mnara wa ofisi, prosesa i5 ya kizazi cha nne, niliinunua yuzdi hapa hapa mjini. Kwa kazi za chuo haina neno, ila gemu ilikuwa inategemea grafiksi ya ndani ya prosesa, GTA V unaishusha setingi zote mpaka watu hawana sura na bado inakwama. Nikafungua ubavu nikasoma lebo ya pawa saplai, wati 290, na hamna hata waya mmoja wa pini sita wa kulishia kadi. Halafu huwezi kuingiza saplai ya kawaida hivi hivi, modeli hii Dell wameweka plagi yao ya pini 8 kwenye madabodi, ile bodi kuu, badala ya ile ya pini 24, ukitaka kubadilisha utafute na adapta, hela juu ya hela.

Sasa sloti ya PCIe x16, lile tundu refu la madabodi unalochomeka kadi, yenyewe inatoa mpaka wati 75, kwa hivyo nikawa natafuta kadi isiyovuka hapo. Zikabaki GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote memori GB 4. Hiyo 1650 ina nguvu zaidi lakini mfuko haukufika, na ziko nyengine zinataka waya wa pini sita, lazima uikague kabla hujatoa hela.

Pa kuwa makini khasa ni feki. Duka moja Darajani, huku Unguja, niliambiwa "kaka hii 1050 Ti mpya, boksi lake hili", bei nzuri mno. Nikaigeuza upande wa nyuma nikaona tundu la VGA, lile la buluu. Sheikh, kizazi kile cha kadi za kampuni ya Nvidia, Pascal, hakitoi tena analogi, ile ishara ya picha inayotumiwa na VGA, 1050 Ti ya kweli utaikuta na HDMI, DisplayPort na DVI. Zenye VGA mara nyingi ni chipu za zamani kina GTS 450, zimebadilishwa BIOS, programu ya ndani ya kadi, zijitaje jina lisilo lao. Nikamwambia ahsante kaka, nikaondoka.

Yangu ilitoka Dar kwa kijana aliyekuwa anauza mashine yake kipande kipande. Ndugu yangu akaenda kuiona inawaka, akafungua GPU-Z, programu ya bure ambayo tangu 2018 inakuandikia wazi kama kadi ni feki, akanipigia picha, ndo nikatuma hela. Laki mbili kasoro, ikaja na boti.

Meno ya dhahabu ya kadi, yale yanayoingia kwenye sloti, yalikuwa yamefifia, na huku kwetu hewa ya chumvi haina huruma na vyuma, nikayasugua taratibu kwa ufutio wa penseli mpaka yakang'ara, vumbi la feni nikalitoa kwa brashi, pesti ya joto nikaweka mpya. Ikaingia kwenye sloti ndefu, ikabana. Kumbukeni waya wa monita uhame kutoka madabodi uende kwenye kadi! Monita yangu ni ya VGA tu kwa hivyo nimenunua adapta ya HDMI kwenda VGA, yenye chipu ya kugeuza ishara iwe analogi, ile ya kibati ya DVI kwenda VGA haitakusaidia, sababu ni hiyo hiyo ya analogi.

Na ramu nimeongeza, kijiti kimoja cha GB 4 sasa viwili, DDR3 yuzdi haina bei. GTA V kwenye 1080p inatembea kwenye fremu 60, setingi za juu baadhi, mashallah raha tupu.

Ila anayenunua leo ajue kuwa Oktoba 2025 Nvidia wamesimamisha madreva (programu zinazoendesha kadi) mapya ya gemu kwa Pascal, yamebaki ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kwa gemu za zamani haikusumbui, lakini kama unataka zinazotoka sasa, jikaze uifikie 1650.