Kisima kinachoamua lini nimwagilie nyasi

Ukihamia San Antonio, Texas, haichukui muda jirani akuulize namba ya nyumba yako inaishia na ngapi. Wakati wa ukame, inayoishia na 0 au 1 hufungulia vinyunyizio vya nyasi Jumatatu, 2 na 3 Jumanne, hivyo hivyo mpaka 8 na 9 wenye Ijumaa yao. Yangu inaishia na 5, kwa hiyo mimi ni mtu wa Jumatano. Maji ya kunywa, kupika na kuoga hayaguswi. Ukishika mpira kwa mkono ukamwagilia maua yako, hakuna wa kukusumbua. Kinachobanwa ni vile vinyunyizio vinavyojiwasha vyenyewe alfajiri na kulowesha hadi barabara.

Kinachoamua haya yote ni kisima kimoja, J-17, kilichoko ndani ya kambi ya jeshi ya Fort Sam Houston. Ni cha kupimia tu. Maji yake husomwa kwa futi juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana mgeni akisikia “futi 650” kwenye taarifa ya hali ya hewa hudhani kisima kina kina cha ajabu. Wastani wa siku 10 ukishuka chini ya 660, ni hatua ya kwanza ya ukame. Chini ya 650 ni ya pili, 640 ya tatu, 630 ya nne, 625 ya tano. Pembeni yake hupimwa pia mtiririko wa chemchemi za Comal, zinazotoka kwenye maji hayo hayo ya chini ya ardhi, na kimojawapo kikivuka mstari wake inatosha kuingia hatua. Kutoka ndiyo kazi, maana lazima vyote viwe vimepanda.

Hatua hizo hutangazwa na mamlaka ya akwifa ya Edwards, ule mwamba wa chokaa uliojaa nyufa na mapango ya maji chini yetu. Wenye vibali vya kuvuta maji hukatwa asilimia 20 katika hatua ya kwanza, na makato hupanda hadi asilimia 44 katika ya tano. Shirika la maji la jiji ni mmoja wa hao wenye vibali. Lina vyanzo vingine pia na lina kanuni zake za kugawa maumivu majumbani, kwa hiyo usishangae mamlaka ikiwa hatua ya nne na jiji bado liko ya tatu.

Mpangilio huu haukuletwa na busara ya wanasiasa. Ulitokana na kesi. Katika ukame wa miaka ya 1950, J-17 ilishuka hadi futi 612.5 mnamo Agosti 1956, na chemchemi za Comal zikakauka kwa miezi kadhaa mwaka huo huo. Kwenye chemchemi za eneo hili wanaishi viumbe wachache wasiopatikana kwingine, akiwemo samaki mdogo kama kidole na salamanda asiye na macho anayekaa gizani ndani ya mwamba. Mwaka 1991 Sierra Club, shirika la kutetea mazingira, ilienda mahakama ya shirikisho kwa kutumia sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka, ikashinda, na mwaka 1993 bunge la Texas likaunda mamlaka hiyo. Kabla ya hapo, mwenye ardhi alichimba akavuta atakavyo. Kwa maneno mengine, Jumatano yangu nimepewa na salamanda kipofu, na sioni ubaya.

Linalowachanganya wengi ni mvua. Inaweza kunyesha mjini mpaka mitaa ifurike, kesho yake vizuizi viko palepale. Mvua ya katikati ya jiji haijazi akwifa. Inatakiwa inyeshe kaskazini na magharibi, kwenye vilima, mito ipite juu ya nyufa na maji yazame humo. Kuna pia ramani ya ukame ya Marekani nzima, hutoka kila Alhamisi tangu 1999, yenye rangi kuanzia njano ya D0 hadi wekundu mzito wa D4. Hiyo huchanganya mvua, unyevu wa udongo, mito na ripoti za watu walioko mashambani, lakini haikufungii bomba. Mkulima anaweza kuwa kwenye ukame wakati kisima kimejaa, na kinyume chake. Wataalamu wameshatenganisha ukame wa mvua, wa mazao, wa mito na visima, na ule unaoonekana mahitaji yanapozidi maji. Ugomvi mwingi huku ni watu wawili wanaozungumzia ukame tofauti.

Mimi napenda kwamba mistari ilichorwa kabla ya shida, hakuna wa kubembelezwa Agosti. Wasiwasi wangu ni kwamba mipango hupimwa kwa ukame wa miaka ya 1950, ilhali pete za miti ya Texas zinaonyesha karne za nyuma zilizowahi kuona mbaya kuliko huo.

Kwa anayekuja: ukipata nyumba, kagua kwanza saa ya vinyunyizio, mara nyingi aliyehama ameiacha kwenye siku yake. Na chama cha wamiliki wa nyumba kikikukatalia mimea inayostahimili ukame eti mtaa wote ni ukoka, sheria ya Texas ya 2013 haikiruhusu kukupiga marufuku. Kinaweza tu kutaka kuona na kuidhinisha mchoro wako kwanza.