Namba yangu aliitoa nani?

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi asubuhi, niko kwa cherehani namalizia dera la mteja ana harusi jioni, simu ikalia namba siijui. Nkashika. Mwanamume, hana salamu hana nini, swali lake la kwanza ni, wewe ndio Fundi Dera Majengo?

Mi nkadhani mteja, nkamjibu vizuri kabisa, ee ndio mimi karibu. Akaanza kunimwagia maneno, ati kuna mwanamke amekopa pesa kwao amekataa kulipa na ameniandika mimi mdhamini, nimwambie alipe kabla ya saa sita ama jina langu nalo litachafuka. Akakata. Dakika mbili meseji ikaingia, maneno ni yale yale, na juu imeandikwa "Fundi Dera Majengo".

Sasa nataka mnielewe hapa manake hapa ndipo roho iliponiuma. Jina langu si hilo. Kitambulisho changu hakisemi hivyo, laini yangu haikusajiliwa hivyo, M-Pesa haitoi jina hilo, hakuna mahali popote duniani nimeandikwa Fundi Dera Majengo isipokuwa ndani ya simu ya mteja wangu mmoja, jirani, mama anayeuza viazi karai hapo kona, ndivyo alivyonisevu yeye. Kwa hivyo yule mtu hakupewa namba yangu, alikuwa anasoma simu ya shoga yangu kama asomaye daftari.

Nkavaa viatu nkaenda. Nkamkuta amekaa ndani, karai halijawashwa, macho mekundu. "Shoga, hata mavyaa wangu kapigiwa." Mavyaa yuko Lamu, mwanamke mzima wa heshima zake, ameambiwa mkaza mwanawe ni mwizi. Ustadh wa madrasa ya mtoto naye kapata meseji. Mwenye nyumba pia, na yule wa tuktuk anayembebea magunia ya viazi kutoka Kongowea. Mtoto alikuwa mgonjwa, shoga yangu akaomba mkopo wa shilingi 4,000 kwa apu ya simu, zikaingia 3,100 manake ada walikata mbele mbele, na baada ya siku saba arudishe zile 4,000 zote. Siku ya nane ndio wakaanza kupiga simu. Siku moja tu ya kuchelewa wallahi.

Nkamuuliza hii apu uliitoa wapi, akasema kuna linki ilitumwa kwa grupu la WhatsApp. Hapo nkaelewa, manake Google tangu tarehe 31 Mei 2023 walikataza apu za mikopo zilizoko Play Store kusoma majina na picha za kwenye simu, lakini hii haikupitia Play Store, ilikuja kwa mlango wa nyuma. Alipoifungua ikamwambia ruhusu isome majina yako, akibonyeza kataa haiendi mbele, na mtoto anachemka homa kitandani, wewe ungebonyeza nini?

Mimi simlaumu hata kidogo. Lakini hata kama tutasema yeye alitoa ruhusa, ya kwake sawa, ya kwangu je? Simu yake ina watu zaidi ya mia tatu. Mavyaa hakubonyeza kitu. Ustadh hakubonyeza kitu. Mimi nilikuwa nashona. Mtu mmoja hawezi kunitolea mimi idhini, na kampuni inajua hivyo, ndio manake inatega mtu akiwa na shida.

Na wale watakaosema alikopa alipe, ndio, dawa ya deni kulipa, hata yeye hajakataa. Kama kampuni ina leseni kuna CRB, wale wanaoweka rekodi za wanaolipa na wasiolipa mikopo, kuna korti, njia zipo. Kumpigia simu mavyaa si njia ya kudai, ni kumvua mtu nguo sokoni. Na imekatazwa! Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, na imeandikwa humo kwamba mkopeshaji haruhusiwi kuchukua majina ya simu ya mteja na kuwatumia hao watu meseji kwa sababu ya deni. Katiba yenyewe ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha yetu, alafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Na si sheria ya kuwekwa kabatini, Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ilipigwa faini ya shilingi 2,975,000 na Ofisi ya Kamishna wa Data kwa mambo haya haya, majina na namba za watu wengine kutumiwa vitisho.

Tatizo letu ni kwamba tumezoea kutoa majina na namba zetu ovyo. Juzi nimepeleka sare jengo moja pale Nkrumah Road, soja akanisukumia daftari, kalamu imefungwa kwa uzi, jina, kitambulisho, namba ya simu, unatoka wapi. Juu yangu kuna dada ameandika kila kitu kwa mwandiko msafi, ningetaka kuikariri namba yake ningeikariri nikipanda ngazi. Hilo daftari likijaa linaenda wapi? Nilimuuliza soja, akaniangalia tu.

Basi nimeandika malalamiko kwa hiyo ofisi ya Kamishna. Si kwa niaba ya jirani, ni yangu mimi, mwenye namba. Nimeweka skrinishoti ya simu na saa iliyopigwa, na ile meseji yenye jina la Fundi Dera Majengo, manake hilo jina ndio ushahidi wangu. Hata kama huwezi kuandika, sheria inaruhusu ulalamike kwa mdomo na wao waandike, na wana siku 90 za kulimaliza. Leo ni siku ya kumi na tisa, nahesabu.

Yeye bado anaona haya kulalamika. Tumeitoa ile apu, tumepita kwa setingi tukafunga ruhusa za apu nyingine zilizokuwa zinasoma majina bila sababu, hata ya tochi. Deni kashalimaliza. Lakini kila usiku akishazima jiko, mikono bado inanuka ukwaju, anakaa pale kibarazani na simu anampigia mtu mmoja mmoja kuomba radhi. Nimemwambia shoga wewe huna wa kumuomba radhi, wao ndio watuombe sisi sote. Hasikii. Anafuata majina yalivyopangwa, na jana alikuwa amefika herufi K.