Kengele ya Friza ya Nyuzi 80 Chini ya Sifuri

Nikiwa mwaka wa nne wa uhandisi wa umeme jijini Dar es Salaam, mradi wangu wa kuhitimu, kengele inayotuma ujumbe kwa simu friza inapopata joto, ulitoka katika maabara ya utafiti wa malaria iliyokuwa imepoteza sampuli za damu zilizokuwa kwenye friza ya aina hiyo, baada ya umeme kukatika usiku wa Jumamosi na jenereta kutowaka. Damu ile ilitolewa na watoto wa vijijini kwa ridhaa ya wazazi wao, wala isingewezekana kuirudia, na jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko alama za mtihani.

Kihisi joto tulichokizoea darasani, DS18B20, hakikufaa, kwa kuwa mwisho wake ni nyuzi 55 chini ya sifuri. Nikachukua PT100, kihisi cha platinamu kinachopima joto kwa mabadiliko ya ukinzani wake wa umeme, ambao ni omu 100 kwenye nyuzi sifuri na hushuka hadi takribani omu 68 kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Hata hivyo, vipimo vyangu vilizidi kwa karibu nyuzi nne, nami nikahangaika wiki mbili kabla ya kutambua kwamba waya mrefu wa kuunganishia ulikuwa ukiongeza omu moja na nusu. Niliunganisha upya kwa waya nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kupimia, ili ukinzani wa waya usihesabiwe, kosa likatoweka.

Tulipokifunga kifaa kwenye friza, kilituma ujumbe wa hatari kila asubuhi bila sababu. Mama mmoja, fundi sanifu wa maabara, aliniambia, "Mwanangu, kaa hapa unitazame ninavyofanya kazi." Alifungua mlango, ukungu mweupe ukamwagika hadi sakafuni, akapangusa barafu kwenye boksi moja baada ya jingine akitafuta namba, na muda wote huo kihisi changu kilining'inia hewani karibu na mlango. Nilikihamishia rafu ya kati, ndani ya kichupa kilichojaa mchanga, ili kifuate joto la sampuli badala ya joto la hewa. Nadhani hayo ndiyo mabadiliko yaliyouokoa mradi wote. Betri niliiweka tangu mwanzo, kwani kengele inayotegemea umeme wa ukutani huzimika pamoja na friza.

Wiki ya tano, saa nane usiku, simu zetu zilipokea ujumbe: nyuzi 64 chini ya sifuri. Mlinzi aliiwasha jenereta kwa mkono, na kulipopambazuka Mama alinisomea kipimo kwa simu: 78 chini ya sifuri.