Nilivyopata ufadhili wa kuchunguza karatasi

Wanafunzi wa fasihi huniuliza nilipataje ufadhili wa Bibliographical Society of America, chama cha wachunguzi wa vitabu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1904, ilhali mimi ni mtu wa Mombasa na kazi yangu ni miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Tangazo lao linasema wazi: mada iwe yoyote, mradi utafiti ukichukue kitabu au mswada wenyewe, kama kitu kinachoshikika, uwe ndio ushahidi wa historia. Watu hulisoma hilo, kisha wakajaza kurasa kwa vina na mizani.

Mimi mashairi niliyaweka kando. Ombi langu lilianza na msahafu wa familia moja ya Mji wa Kale, niliouchunguza kwa idhini ya wenyewe. (Jina la nyumba sikulitaja; wanunuzi wa vitu vya kale hawakawii kubisha hodi.) Ukiinua ukurasa kwenye mwanga, unaona miezi mitatu michanga iliyopangwa kutoka mkubwa hadi mdogo. Ni alama ya watengenezaji karatasi wa Italia, waliouza sana katika dola ya Uthmaniyya, na bidhaa yao ikafika hadi pwani yetu. Nikaeleza nafasi baina ya mistari iliyoachwa na waya za fremu ya kutengenezea karatasi, kwa milimita, ulimi wa jalada la ngozi unaofunika ukingo wa kurasa, na lile neno dogo chini ya ukurasa wa kulia linalorudiwa mwanzo wa ukurasa wa kushoto, ili mjalidi asichanganye karatasi zisizo na namba.

Halafu swali: je, miswada ya Mombasa iliyoko SOAS, chuo kikuu cha London, ikiwamo ile ya mmisionari W. E. Taylor aliyesaidiwa na Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Mombasa, imeandikwa kwenye karatasi za namna hiyo, au kufikia mwisho wa karne ya 19 waandishi walishahamia za kiwandani? Mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili analielewa swali hilo, na wanakamati wengi ni watu hao.

Kabla ya kutuma nilimwandikia mkutubi wa SOAS kuuliza kama msomaji huruhusiwa kupima na kuweka taa bapa chini ya ukurasa. Jibu lake nililitaja kwenye ombi, na nadhani lilinisaidia kuliko shahada zangu. Wadhamini walioniandikia barua walikuwa msimamizi wa tasnifu yangu na mhifadhi nyaraka aliyewahi kuniona nikishika karatasi zilizoliwa na wadudu. Barua ya profesa mashuhuri asiyekujua ni maneno matupu.

Bajeti iandike kwa ukweli, na ada ya visa ya Uingereza uihesabu. Ufadhili wa muda mfupi hauwezi gharama za hoteli za London; mimi nilifikia kwa jamaa.

Asiye na safari ana pa kuanzia. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya Endangered Archives, mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini kupotea, na picha zikawekwa mtandaoni. Alama za ndani ya karatasi huwezi kuziona humo, lakini wino, majalada na maandishi ya pambizoni yanaonekana, na hayo yanatosha kujengea ombi la kwanza.